Anayeuguza Naye Apumzike

Siku mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, familia hupewa karatasi ya kuruhusiwa, mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Nguo hukunjwa, teksi huitwa, na kwa muda kila mtu hufurahi kwamba mzee anarudi nyumbani. Hakuna anayeuliza, si daktari si ndugu, nani atakayemgeuza kitandani saa nane za usiku. Mara nyingi jibu limekwisha kupatikana bila kikao chochote. Ni binti ambaye hajaolewa, au aliyeolewa mtaa wa pili. Ni mke ambaye mwenyewe ana shinikizo la damu. Ni mkaza mwana aliye karibu zaidi na jiko.

Namwandikia huyo. Namwandikia pia kaka aliye Doha na dada aliye Nairobi, wanaotuma pesa na kuuliza kwa simu, "Mama anaendeleaje?", wasikumbuke kuuliza anaendeleaje yule anayemwosha mama.

Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizo na malipo. Hizo ndizo saa ninazozungumzia. Na ninaloamini ni hili: pumziko la anayeuguza ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa, na linapaswa kupangwa wiki ya kwanza, kabla mwili haujaanza kulidai kwa nguvu. Nchini Kenya hakuna ofisi moja unayoweza kuingia ukasema, "Nimechoka, nishikieni zamu," ukapewa mtu. Kuna vipande vya msaada vilivyotawanyika, kila kimoja na mlango wake, na usipovikusanya mwenyewe hakuna atakayekuletea. Usione haya kuvidai. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa ipasavyo na familia yake na Serikali. Wote wawili wametajwa pamoja. Wewe ukiwa umetimiza upande wa familia, una haki ya kuuliza upande wa pili uko wapi.

Kabla ya kutoka hospitalini

Usiondoke wodini kabla hujafundishwa. Mwombe muuguzi akuonyeshe kwa mikono, kisha ufanye wewe huku yeye anakutazama. Akuonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo wako, na namna ya kumwinua akae. Akuonyeshe pia pa kukagua ngozi, yaani chini ya kiuno, nyonga na visigino. Kidonda cha kulala huanza kama alama nyekundu isiyofifia ukiibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi sana huenda usiuone wekundu, bali pahali hapo pakawa pamevimba kidogo, pagumu au pana joto. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja usiku kucha, mwezi baada ya mwezi.

Kama ni kiharusi, uliza waziwazi kama wamempima namna anavyomeza. Mlishe akiwa ameketi wima, tonge dogo, kisha subiri. Akikohoa kila anapokula, au sauti ikawa kana kwamba ana maji kooni, chakula huenda kinapitia njia ya hewa, na hapo ndipo nimonia inapoingia. Kama anarudi na mpira wa mkojo au mpira wa kulishia wa puani, uliza nani ataubadilisha, wapi na baada ya muda gani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye aandike mazoezi kwenye karatasi, maana mdomoni yatasahaulika kabla teksi haijafika nyumbani.

Lililo kubwa ni kwamba waende kujifunza watu wawili. Ukiwa wewe peke yako ndiye unayejua mpira, dawa na tonge, umejifungia ndani ya nyumba siku hiyo hiyo na hujui. Wa pili anaweza kuwa mjukuu mkubwa, shemeji, au jirani mwaminifu, bali awe ameona na kushika kwa mikono yake.

Ukifika nyumbani, nunua daftari la shule. Andika dawa na saa zake, kipimo cha shinikizo la damu, choo kilipatikana lini, mgonjwa amekula nini. Andika na mambo yasiyo ya hospitali: chai haipendi ya moto, taa ya ukumbini isizimwe, redio ya magharibi humtuliza. Atakayekuja kukushikia zamu anahitaji daftari hilo kuliko maelezo ya haraka unayoyatoa mlangoni ukiwa na kanga begani.

Karatasi, na kwa nini zianze sasa

Familia nyingi huanza kutafuta karatasi pesa zinapokwisha. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu karatasi huchukua miezi na njaa haisubiri.

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF. Hapa pana jambo linalowakwaza wengi: mtoto aliyeajiriwa hudhani makato yake yanamfunika mama yake. Makato hayo ni ya nyumba yake mwenyewe, mwenzi wake na watoto wao. Mama husajiliwa kivyake, kwa nambari *147# au kwa kusaidiwa katika kituo cha afya. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha hupangiwa mchango anaoulipa kwa mwaka. Mchango huo wa mwaka ni kazi nzuri ya kumpa ndugu aliye mbali, kwa sababu una kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana, tena hauhitaji mtu awe nyumbani. Aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu, kwa hivyo kipimo cha kawaida kisikupeleke hospitali kuu na nauli ya gari la kukodi.

Karatasi ya pili huzua ubishi nyumbani. Ni usajili wa ulemavu kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wazee wetu hulichukia jambo hili. Mtu aliyekuwa nahodha, mwalimu au imamu, leo aandikwe mlemavu? Nawaelewa, na nawaheshimu. Lakini ulemavu unaotambuliwa na sheria si wa kuzaliwa nao tu. Mkono na mguu vilivyolala baada ya kiharusi vinaweza kupimwa na kutambuliwa, na akili iliyoharibiwa na ugonjwa wa kusahau vilevile. Upimaji hufanywa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali. Uliza hospitali ya kaunti ndogo jopo hukaa siku gani, na uombe siku hiyo ilingane na tarehe ya kliniki, maana kumsafirisha mgonjwa asiyeketi ni gharama na ni mateso. Baada ya hapo usajili hukamilishwa katika ofisi ya baraza kwenye kaunti au kwa mtandao wa eCitizen. Kadi unayopewa ndiyo njia ya kuomba kiti cha magurudumu na vifaa vingine kutoka hazina ya baraza, na hukupa uzito unapoingia ofisi inayofuata.

Ofisi inayofuata ni ya chifu, na jambo lenyewe ni Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa watu pesa. Mpango huu una matawi matatu yanayojulikana zaidi: wazee wa miaka 70 na zaidi, nyumba zinazolea mayatima na watoto walio katika hatari, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Tawi la ulemavu mkubwa lilitungwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kula, kuoga wala kwenda msalani bila mwingine, katika nyumba maskini, na pesa zake hupokewa na mtunzaji kwa niaba yake. Kwa hiyo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo Serikali imekiri kwa maandishi kwamba nyuma ya mgonjwa wa namna hii yuko mtu wa pili. Nenda na kitambulisho chako, cha mgonjwa au cheti chake cha kuzaliwa, na karatasi ya upimaji. Mwone pia afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, usitegemee chifu peke yake. Milango ya kuandikisha watu wapya haifunguliwi kila siku. Hakikisha jina limeingia kwenye orodha ya wanaosubiri, mwulize afisa jina lake, andika tarehe kwenye daftari, na urudi. Kuandikishwa hakuna ada. Anayekuomba kitu kidogo ili jina lako lipande juu anakuibia.

Nisikudanganye kuhusu pesa hizo. Zimezoeleka kuchelewa, kwa hivyo usizifanye tegemeo la deni lenye siku yake. Na shilingi 2,000 hazimlipi msaidizi mwezi mzima. Kama nyumbani hakuna unga, basi unga kwanza. Lakini kama unga upo, tenga sehemu yake kwa ajili ya mtu atakayekaa na mgonjwa nusu siku ili wewe ulale. Wapo watakaokuambia huo ni ubinafsi. Waombe wao waje wakae hiyo nusu siku.

Kwa wasomaji wa Zanzibar, Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, bila kuangalia kama aliwahi kuajiriwa. Kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, na sheha wako ndiye pa kuanzia. Tanzania Bara, kaya maskini huulizia mpango wa TASAF katika serikali ya mtaa au ya kijiji.

Wanaokuja hadi mlangoni

Mwezi Septemba 2023 Serikali ya Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na begi la vifaa, ukiwamo mtambo wa kupima shinikizo la damu na wa kupima sukari. Kila mmoja hupewa nyumba kama 100 za kuzungukia. Wengi mtaani wanawajua kwa habari za wajawazito na chanjo za watoto tu. Mtafute wa kwenu umwambie, "Mimi nina mgonjwa wa kitandani." Ataweza kumpima pale pale, kukuunganisha na zahanati, na kukuambia ni lini kikosi cha afya kinafika eneo lenu. Na akishafunga mkanda kwenye mkono wa mgonjwa, nyoosha wako pia. Waliozoea kuuguza ndio wanaoruka kliniki zao wenyewe, kwa sababu hawana wa kumwachia mgonjwa.

Sasa nije kwenye huduma ambayo, kwa maoni yangu, inasaidia kuliko zote na inaogopwa kuliko zote. Ni hospisi, au tiba shufaa kama wanavyoiita wenzetu wa Tanzania. Ukitaja hospisi, ndugu hukutazama kana kwamba umeagiza sanda. Wengine huamini kwamba kwenda huko ni kukubali kifo, na kwamba dawa ya mofini humwua mgonjwa polepole. Si kweli. Mgonjwa wa saratani, wa figo au wa moyo anaweza kuhudumiwa na hospisi huku akiendelea na matibabu yake mengine. Mofini ya maji, ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo na kwa saa zake na wataalamu, hutuliza maumivu ambayo panadoli haiyagusi. Watakupa pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini huleta kufunga choo, usiiache.

Mgonjwa mwenye maumivu halali, na asipolala yeye hulali wewe. Kwa hivyo kabla ya kutafuta mtu wa kukushikia zamu ya usiku, jiulize kama maumivu ya mgonjwa yametibiwa kweli. Nyumba nyingi zilizochoka kabisa zingepumzika nusu kwa chupa ya dawa iliyopimwa vizuri.

Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mombasa ipo Coast Hospice. Nyeri, Meru, Eldoret na Kisumu nako kuna hospisi, na hospitali kadhaa za kaunti zina vitengo vya huduma hiyo ndani yake. Chama chao cha kitaifa, KEHPCA, kinaweza kukuelekeza kilicho karibu nawe. Hawa huwafundisha jamaa namna ya kuosha vidonda na kudhibiti harufu, huzungumza na familia mambo ambayo familia haiwezi kuyaanzisha yenyewe, na baadhi yao huja nyumbani. Uliza pia kama wana siku ya wagonjwa kukusanyika. Zipo hospisi zenye siku kama hiyo, ambapo wagonjwa hukaa pamoja, hula, hunyoosha viungo, na aliyewaleta hupata saa chache ambazo jina lake haliitwi.

Kwa ugonjwa wa kusahau, tafuta shirika la ADOK, linaloshughulikia Alzheimer's na magonjwa ya aina yake nchini Kenya na kuendesha vikundi vya jamaa kukutana. Usiku ndio mtihani wa ugonjwa huu. Mzee huamka saa tisa akadai anaenda kazini. Usibishane naye. Mchana mtoe juani, mtembeze, usimwache asinzie alasiri nzima. Chai na kahawa ziishie adhuhuri. Na kama amebadilika ghafla, akawa na fujo ambayo hakuwa nayo juzi, mpeleke apimwe mkojo na aangaliwe kama ana maumivu asiyoweza kuyasema. Mara nyingi kilichobadilika ni maambukizi yanayotibika.

Zamu

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndugu zako hawataujua uzito wa huu mpaka uwaonyeshe. Kikao cha familia kinachofanyika kwa "tusaidiane" huishia kwa dua na soda. Njoo na daftari. Soma kazi moja moja: kumgeuza usiku, kumwosha, kufua mashuka, dawa, kliniki ya kila mwezi, daipa, mchango wa SHA, kupika chakula laini, kumsomea Kurani au Biblia. Kila kazi ipate jina la mtu na siku. Aliye Doha alipie daipa na mtu wa Jumamosi. Aliye Nairobi achukue likizo yake mwezi wa nane aje akae wiki mbili, na katika wiki hizo wewe uondoke nyumba hiyo, uende kulala kwingine. Ukibaki, kila baada ya robo saa utaulizwa kanga za mama ziko wapi.

Wanaume wapewe kazi ya mikono. Nasema hili hasa kwa familia za Pwani, ambako tunasikia kwamba kuuguza ni kwa wanawake. Baba mtu mzima huona haya kuoshwa na binti yake au mkaza mwanawe, na haya hiyo tunaitaja sana katika dini na adabu zetu. Basi mwana wa kiume na amwoshe babake. Ni stara kwa mzee, na ni pumziko kwa dada.

Wageni nao wapangiwe. Mgeni wa mgonjwa huja na maji ya matunda, huketi, husimulia, na wewe unaingia jikoni kumpikia chai. Ameondoka, umeongezewa vyombo vya kuosha. Akipiga simu kwamba anakuja kumjulia hali mama, mjibu kwa upole: "Shangazi, njoo Alhamisi saa nane mpaka saa kumi na moja, ukae naye, mimi nilale." Wengi watafurahi kupata kazi maalumu, hawakujua tu cha kufanya. Liambie na kundi lenu la chama, jumuiya ya kanisa au akina mama wa darsa. Mchango wa kumzika mtu hukusanywa kwa siku mbili na hakuna anayeuliza maswali. Nataka tuone ni wajibu pia kuchangia saa za kumkalia akiwa hai.

Kama mnaweza kumlipa msaidizi, mwelezeni kazi kabla hajaja. Yule msichana anayepika, kufua na kulea watoto asiongezwe mgonjwa wa kugeuzwa usiku kana kwamba ni kazi ndogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, naye yumo. Hatuwezi kununua pumziko la mtu mmoja kwa kumchosha mwingine asiye na wa kumtetea.

Mgonjwa anaweza kukataa. "Sitaki mtu mwingine, nakutaka wewe." Maneno hayo hukata maini, na wengi huishia hapo. Anza pole pole. Mtu mpya aje wewe ukiwepo, alete chai, amkate kucha, mzungumze watatu. Mara ya pili ingia chumba cha pili. Baadaye toka kwenda dukani. Ukishaanza kupata saa zako, usizitumie kufua. Lala, nenda kliniki yako, swali kwa utulivu, fungua kibanda chako, kaa na mumeo. Saa tatu kila wiki, siku ile ile, zinasaidia kuliko ahadi ya wiki nzima itakayokuja "mambo yakitulia".

Ukiwa umeajiriwa, fahamu kwamba Sheria ya Ajira inakupa siku zisizopungua 21 za kazi za likizo kwa mwaka, na likizo ya ugonjwa ni ya ugonjwa wako wewe. Sheria hiyo haikutaja likizo ya kuuguza mzazi. Mwandikie mwajiri barua mapema, kabla ya kuanza kuchelewa. Omba kuzigawa siku zako za likizo zilingane na kliniki, au kubadilishiwa zamu. Barua iliyoandikwa kabla ya kosa husomwa tofauti na ile inayojibu onyo.

Dalili za kutopuuza

Kuna uchovu wa kawaida, na kuna uchovu unaohatarisha watu wawili. Ukijikuta unamshika mgonjwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika, unamfokea akijikojolea, unamnyima maji ili asilowane, au unasahau kama umempa dawa, simama. Hakikisha yuko salama kitandani, toka nje, mpigie mtu simu uliyekubaliana naye kabla, umwambie "njoo sasa". Ukikosa usingizi hata mgonjwa akiwa amelala, ukalia bila sababu kwa wiki, au ukaanza kuona afadhali usingekuwapo, hiyo ni sonona na inatibika. Kamwone mhudumu wa afya wiki hii, na kama fikra za kujidhuru zimekuja, nenda hospitali leo na mtu akusindikize. Kutamani yaishe hakukufanyi mwana mbaya. Waliouguza wengi wamewahi kulala na wazo hilo wakaamka wakampikia mgonjwa uji.

Na kama anayeuguza ni mtoto, mambo ni mengine. Wako wasichana wa darasa la saba wanaobaki nyumbani kwa sababu bibi ameanguka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka awe shuleni. Mwalimu mkuu na afisa wa watoto waelezwe, na nambari 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo. Kumwita mtoto huyo "shujaa wa familia" kunatutoa sisi wakubwa lawamani, yeye hakumsaidii kitu.

Mlango wa kaunti

Niliyoyaeleza mpaka hapa ni kujikusanyia vichache vilivyopo. Lakini mahali pengine Serikali zimekwenda mbali zaidi. Japani ilianza bima ya utunzaji wa muda mrefu mwaka 2000. Mzee huchukuliwa asubuhi kwenda kituo cha mchana, huogeshwa, hulishwa, hurudishwa jioni, na jamaa akihitaji kusafiri mzee anaweza kulazwa kwa siku chache katika kituo. Utasema Japani ni tajiri. Basi tazama Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Tangu 2020 mji huo umejenga katika mitaa ya watu wa kipato kidogo vituo ambako mwanamke humwacha mtoto au mzee kwa wahudumu, na jengo lile lile au la jirani yake anapata mashine ya kufulia, darasa la kumaliza masomo, mwanasheria na mazoezi ya mwili. Vingi vya vituo hivyo vilitumia majengo ya umma yaliyokuwapo tayari.

Sisi nasi tuna majengo. Kaunti ndizo zenye zahanati na vituo vya afya. Chumba kimoja katika kituo cha afya, siku mbili kwa wiki, muuguzi mmoja na wahamasishaji wawili, kingewapa wanawake wa wadi nzima asubuhi mbili za kupumua. Hakitakuja kwa kutamani. Bajeti ya kaunti ina kalenda yake: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Sheria inaitaka kaunti isikilize wananchi katika hatua hizo. Watu hufika kwenye vikao hivyo kuomba barabara na taa za mtaani. Wanaouguza hawafiki, kwa sababu wako nyumbani wakiuguza.

Kwa hivyo mtumeni mmoja. Jumlisheni, nyumba kwa nyumba, wagonjwa wa kitandani walio katika wadi yenu, mhamasishaji wa afya awasaidie. Msiandike majina ya wagonjwa, andikeni idadi, vijiji na kituo cha afya kilicho karibu. Tajeni chumba mnachokitaka na siku mnazozitaka. Msiombe "msaada kwa wanaouguza" kwa jumla, kwa sababu ombi lisilo na chumba wala siku halina mahali pa kuandikwa kwenye bajeti. Pelekeni nakala mbili, moja kwa karani wa bunge la kaunti na moja kwa idara ya afya, na nakala ya tatu, ya kwenu, igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwaka unaofuata, kikao kikiitwa, mrudi nayo hiyo hiyo.